Kamera Mkononi mwa Mwanafunzi



Watoto wetu wanaona picha nyingi kuliko zote tulizoona sisi katika utoto wetu. Wanaziona katika simu ya baba, katika simu ya kaka, dukani, kwenye kituo cha pikipiki, hata wakati wa kula. Kuwazuia wasizione kabisa hatutaweza. Lakini tunaweza kujiuliza: je, watakaa siku zote kama watazamaji tu, ao watajifunza pia namna picha inavyotengenezwa, na namna inavyoweza kusema kweli ao uwongo?

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha miaka mingi katika mji wa Bukavu. Leo nataka kuwaeleza kazi moja niliyofanya na kalasi ya nane katika mwaka wa masomo 2022–2023. Wanafunzi wenyewe walitengeneza filamu ya video, yenye urefu wa dakika tisa, kwa ajili ya masomo yao. Wazazi wengine walicheka, wengine walikasirika. Inafaa wote wajue kazi ile ilikuwa nini, ilileta faida gani, na taabu zake ni zipi.

SINEMA SI NGENI KWETU

Wazee wanakumbuka sinema ya misioni. Katika miaka ya 1950 mapadri walipita huku na huku na mashini ya kuonyeshea, kitambaa cheupe na jenereta. Huko Kasai Padri Albert Van Haelst wa Scheut alitengeneza filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Huko Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu za michoro za Mboloko, yule swala mdogo mwenye akili. Hapa Bukavu pia Mapadri Weupe walipiga filamu, na mmoja wao aliyejulikana kwa kazi hiyo ni Padri Roger De Vloo. Watu walikusanyika usiku, wakakaa chini, wakacheka mpaka machozi.

Lakini angalieni jambo moja. Katika filamu zile Mwafrika alikuwa mbele ya kamera. Nyuma ya kamera alikuwa mara chache sana. Mtu mwingine ndiye aliyechagua mahali pa kuanzia, maneno ya kusema na mahali pa kumalizia. Tena sheria ya wakati wa ukoloni ilichagua filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kuziona. Sisi tulikuwa watu wa kuonyeshwa.

Siku hizi kamera imo mfukoni mwa kijana, ndani ya simu. Anaweza kupiga picha ya mtu yeyote, saa yoyote, na kuituma mbali kabla ya kufikiri. Uwezo huo ni mkubwa, na mtoto amepewa bila mafundisho yoyote. Ndiyo sababu naona shule haiwezi kugeuza uso upande mwingine.

MRADI NI NINI?

Kwa kawaida tunafundisha hivi: mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili katika daftari, anakariri, anajibu siku ya mtihani. Njia hiyo ina kazi yake, wala siidharau. Lakini ina udhaifu mmoja. Mtoto anaweza kupata alama nzuri juu ya mto Ruzizi, naye anakaa karibu na Ruzizi, bila kufahamu kwamba mto wa daftarini na mto anaouvuka shangazi yake ni mto mmoja.

Njia ya mradi inaanza upande mwingine. Kalasi inachagua swali la kweli lililotoka katika maisha yao. Kwa majuma kadhaa wanatafuta jibu: wanasoma, wanapima, wanahesabu, wanauliza wenye kujua. Mwishoni wanatoa kitu ambacho watu wengine wanaweza kukitumia ao kukihukumu.

Njia hii si ya jana. Huko Ubelgiji daktari Ovide Decroly alifungua shule yake karibu na Brussels mwaka wa 1907, akafundisha watoto kwa kuanzia mahitaji yao na vitu vinavyowazunguka. Huko Marekani William Kilpatrick aliandika juu ya njia ya mradi mwaka wa 1918. Huko Ufaransa mwalimu mmoja wa kijiji, Célestin Freinet, alileta mashini ndogo ya kupigia chapa katika kalasi yake mwaka wa 1924. Watoto walichapa maandiko yao wenyewe, wakayatuma kwa watoto wa shule nyingine, nao wakajibiwa. Waalimu waliofuatana naye walitumia hata sinema: katika miaka ile ya 1920 walikuwa na kamera ndogo ya Pathé-Baby, yenye ukanda wa filamu wa milimita 9.5. Basi mwanafunzi mwenye kamera ana karibu miaka mia. Kilichobadilika ni bei ya chombo.

Freinet alifahamu jambo ambalo kila mwalimu anaweza kuliona. Mtoto anayeandika kwa ajili ya mwalimu peke yake anatafuta alama. Mtoto anayeandika kwa ajili ya watu atakaowakuta njiani kesho anataka maneno yake yasimame. Video ni vile vile.

SWALI LETU

Swali lilitoka kwa msichana mmoja anayekaa benchi la nyuma. Aliuliza: “Mwalimu, kwa nini mvua kubwa ikinyesha umeme unakatika?” Kalasi nzima ikaanza kujibu. Mmoja alisema nyuzi zinalowana. Wa pili alisema maji yanakuwa mengi kupita kiasi. Wa tatu alisema wakubwa wanaukata makusudi wapate pesa. Nikawauliza kila mmoja: “Umejuaje?” Wakanyamaza. Nikaandika swali lile ubaoni, na chini yake nikaandika neno hilo moja: Umejuaje? Likakaa hapo muda wote wa mradi.

Tulianza na ramani. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Maji yake yanatokea hapa Bukavu kwa njia ya Ruzizi, yanateremka mpaka ziwa Tanganika, lililo karibu mita 770 juu ya bahari. Watoto wakatoa: karibu mita 690 za mteremko. Wengi walishangaa. Walikuwa wanaona mto tu. Sasa waliona ngazi kubwa ambayo maji yanashuka, na juu ya ngazi hiyo watu wameweka magurudumu ya kuzungushwa na maji. Ruzizi ya Kwanza inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na nguvu yake ni karibu megawati 30. Ruzizi ya Pili ni ya mwaka 1989, karibu megawati 44, nayo ni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi.

Kisha tulimwalika mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme kabla ya kupumzika. Ndiye aliyetuonyesha njia. Alieleza kwamba mvua inakusanya takataka za vilima vyetu vyote, hasa chupa na mifuko ya plastiki, ile tunayoita sashe. Mifereji inazipeleka ziwani. Ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, yaani Ruzizi. Basi takataka zinafuata maji mpaka kwenye nondo zinazolinda mashini za bwawa, zinaziba, na mara nyingine lazima mashini isimamishwe watu wapate kuzitoa.

Watoto wakaruka kwa furaha: “Jibu tumelipata! Ni sashe!” Mzee akatikisa kichwa. “Sashe ni sababu moja,” alisema. “Mashini ni za zamani. Nyuzi ni za zamani. Mji umekuwa mkubwa sana. Mti ukiangukia waya, hapo pia umeme unakatika. Msiseme neno moja mahali penye maneno manne.” Niliona daftari nyingi zikifutwa na kuandikwa upya. Kwangu siku ile peke yake ilifaa kuliko masomo kumi.

KAZI YENYEWE

Majuma mawili ya kwanza hakuna mtoto aliyegusa simu. Walilalamika sana. Lakini filamu inatengenezwa kwanza juu ya karatasi. Niligawa kalasi katika vikundi vya watu sita. Kila kikundi kilichora masanduku katika karatasi kubwa: katika kila sanduku picha itakayoonekana, na chini yake maneno yatakayosikika na jibu la lile swali, “Umejuaje?” Sanduku lisilo na jibu lilifutwa. Hivyo kikundi kimoja kilipoteza nusu ya filamu yake kabla ya kuanza, nacho kilinuna siku mbili.

Kila mtu alikuwa na kazi: mwenye kamera, mwenye kusikiliza sauti, mwenye kuuliza, mwenye kuandika, mwenye kuhakikisha hesabu na majina, na mwenye kuangalia usalama wa wenzake njiani. Kila juma walibadilishana. Msilisahau jambo hilo, enyi waalimu wenzangu. Bila kubadilishana, kijana aliyezoea simu ataishika mpaka mwisho, na wasichana watabaki kubeba mifuko.

Simu zilikuwa nne: yangu, mbili za wazazi, na moja ya kijana wa parokia. Dakika moja ya picha nzuri inaweza kula megabaiti mia na zaidi, kwa hiyo simu ilijaa upesi. Watoto walijifunza kuchagua kabla ya kupiga, maana hakuna nafasi ya kupiga ovyo. Umeme ulipokosekana tulilipa franka kwa kijana wa kuchajisha simu kando ya barabara. Sauti ilitusumbua kuliko picha. Mvua juu ya mabati inafunika kila neno, na pikipiki hazina huruma. Mwishoni walirekodi maneno katika chumba kidogo walimotundika mablanketi ukutani, mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Kupiga picha kwenye bwawa hatukufanya. Pale ni mahali panapolindwa, na mtoto mwenye kamera anaweza kupata matatizo. Basi walitengeneza bwawa lao: beseni la kufulia, gurudumu dogo lililokatwa katika kopo la maziwa, na kitana cha nywele badala ya nondo. Walimwaga maji kutoka bidoni, gurudumu likazunguka. Wakatia vipande vya sashe, vikashika kwenye kitana, gurudumu likapunguza mwendo, kisha likasimama. Walirudia mara nyingi mpaka mikono ikasinyaa kwa maji. Katika filamu nzima hakuna sehemu watu wanayoikumbuka kuliko kitana kile.

Hesabu nayo ilitufundisha. Vikundi viwili vilipewa mtaa mmoja, vihesabu sashe zinazotupwa katika juma moja. Hesabu ya kikundi kimoja ilizidi ya kingine mara mbili. Walianza kushtakiana uwongo. Walipokaa na kueleza namna walivyohesabu, ilionekana kwamba hawa walihesabu sashe zilizo tupu tu, na wale walihesabu hata zilizofungiwa ndani ya sashe nyingine. Wote walisema kweli, lakini hawakupatana kwanza juu ya kitu cha kuhesabiwa. Wakarudi kuhesabu upya, wakiwa na sheria moja.

Mtoto mmoja mwenye ndugu ng’ambo, Cyangugu, alikumbusha kwamba Rwanda imekataza mifuko ya plastiki tangu 2008. Tukatafuta kwetu. Tukaona kwamba hata Kongo ina amri ya Serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko hiyo. Watoto walishangaa kuliko walivyoshangazwa na mita 690. Sheria ipo, na sashe zipo. Kwa nini? Swali hilo halikuwa na sanduku katika karatasi zao, nikaliacha liwasumbue.

MAMA WA SOKONI

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kikundi kimoja kilikwenda kwenye soko dogo la mtaa. Walirudi wakicheka. Walikuwa wamepiga, kwa siri, picha ya mama mmoja muuza mboga akimwaga takataka zake zote katika mfereji, mvua ikinyesha. Picha ilikuwa safi. Uso wake ulionekana vizuri. Kalasi ikashangilia. Wakasema filamu lazima ianze na picha ile, maana hapo mkosaji anaonekana kwa macho.

Kijana mmoja hakucheka. Aliinama juu ya meza. Kisha akasema kwa sauti ndogo: “Huyu ni mama yangu.”

Sikusema neno. Niliacha kimya kifanye kazi yake. Halafu mashindano yakaanza, na nilisikia hoja ambazo sijazisikia hata katika mikutano ya watu wazima. Mmoja alisema: “Lakini ni kweli, ametupa. Tukificha, tunadanganya.” Mwingine akamjibu: “Na wewe kwenu mnatupa wapi? Mbona hatukukupiga picha wewe?” Wa tatu alikumbuka amri ya nane aliyojifunza katika katekisimu, akauliza kama mtu anaweza kumshuhudia mwenzake uwongo kwa kuonyesha jambo la kweli. Hakuna aliyeweza kumjibu mara moja. Ninawaachia na ninyi, wasomaji, swali lile la mtoto wa miaka kumi na minne.

Nikawarudisha kwenye neno la ubaoni. Mmeona kwamba ametupa. Je, mmejua kwa nini? Umejuaje?

Hawakujua. Basi walifuta picha ile, wote wakiangalia, na siku ya pili watatu kati yao walikwenda kwake pamoja na mwanawe. Walimsalimu, wakasema yale waliyofanya, wakaomba msamaha, kisha wakamwomba awaeleze. Alikasirika kwanza, na alikuwa na haki. Baadaye akaketi juu ya kigoda chake akasema: “Wanangu, kila siku nalipa pesa ya mahali hapa. Pipa la takataka mmeliona wapi? Gari la kuzichukua mmeliona lini? Jioni nikiziacha hapa, kesho sipewi mahali. Nikizibeba nyumbani, nitaziweka wapi? Kilima chetu hakina hata nafasi ya kuchimba shimo. Nionyesheni mahali pa kutupa, nitatupa hapo.” Kisha akawapa ruhusa wapige picha ya mikono yake tu wakati wa kazi, na sauti yake ikisema maneno hayo.

Filamu ikageuka. Haikuwa tena filamu ya kumtafuta mkosaji. Walichagua sashe moja ya bluu, wakaifuata: inatoka dukani na kilo ya unga, inapita katika mikono ya mama, inaanguka katika mfereji, inateremka kilima, inafika ziwani, inasimama kwenye kitana cha nywele, halafu taa inazimika katika chumba cha mtoto anayejifunza kwa mtihani. Mtu mmoja mmoja katika njia ile anafanya jambo dogo, na hakuna anayefikiri kwamba ndiye anayezima taa. Wazo hilo silikuwapa mimi. Lilitoka kwa mwana wa yule mama.

SIKU YA KUONYESHA

Tuliionyesha katika ukumbi wa parokia, siku ya Dominika mchana, kwa mashini ya kuazima na shuka jeupe. Umeme ulikatika mara moja, watu wakacheka, jenereta ikaendelea na kazi. Wazazi walikuja, na majirani, na waalimu wa shule nyingine. Mama wa sokoni aliketi mstari wa pili, na kitenge chake kizuri.

Filamu ilipokwisha mzee mmoja alisimama. Hakusifu. Alimwonyesha kwa kidole kijana aliyesoma hesabu ya sashe, akamwuliza: “Wewe, mtoto, umejuaje?” Kalasi yote iligeuka kunitazama. Kijana alisimama, akaeleza: nyumba ngapi, siku ngapi, nani alihesabu, waligombana wapi, walipatana namna gani, na kwamba hesabu ile ni ya mtaa mmoja tu, haiwezi kusemwa ni ya mji mzima. Mzee akamtazama kidogo, akasema “Vizuri,” akaketi.

Ningependa niwaambie kwamba tangu siku ile mifereji ni safi. Hapana. Mvua iliyofuata iliijaza tena. Kina mama kadhaa wa soko lile walipatana kuweka magunia mawili na kumlipa kijana wa kuyabeba, na waliendelea hivyo muda fulani. Ni kidogo. Filamu ya watoto haiondoi takataka za mji, wala haijengi mashini mpya za umeme. Lakini watoto arobaini na wanane wamejifunza kwamba kabla ya kumwonyesha mtu kwa kidole, lazima mtu ajue, na kabla ya kujua, lazima aulize.

MASHAKA YA WAZAZI

Najua mashaka yenu, nami siyakatai yote.

Mnasema: mtihani wa Serikali hauulizi filamu. Ni kweli. Kwa sababu hiyo kazi ya namna hii haiwezi kuchukua mahali pa masomo yote. Mara moja ao mbili katika mwaka zinatosha. Lakini katika kazi hii moja walifanya jiografia, fizikia, hesabu, uraia, Kifaransa na Kiswahili, na katika mtihani wa mwisho wa mwaka hakuna aliyesahau namna maji yanavyofanya umeme.

Mnasema: mvivu atajificha nyuma ya wenzake. Hii pia ni kweli. Tena video ina hatari yake yenyewe: mtoto mwenye sauti nzuri anaweza kuonekana mwenye akili kumbe anasoma maneno ya mwingine. Dawa ni rahisi. Filamu ilipokwisha, kila mmoja aliketi peke yake na karatasi, bila simu na bila jirani, akaeleza safari ya maji kutoka Kivu mpaka taa ya nyumbani, na kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Alama nyingi zilitoka katika karatasi ile. Filamu yenyewe ilipata alama chache, nazo zilikuwa za kikundi kizima.

Mnasema: simu inaharibu watoto. Inaweza. Kisu pia kinakata mkono, lakini tunamfundisha msichana na mvulana kumenya viazi. Simu zetu zilikaa katika sanduku lenye kufuli, zikatoka saa ya kazi tu. Hakuna mtu aliyepigwa picha bila kuulizwa tangu siku ile ya mama wa sokoni, na kwa picha ya mtoto tuliomba ruhusa kwa wazazi wake. Hakuna kilichotumwa nje kabla kalasi nzima haijakubali.

Mnasema: ni gharama. Tulilipa kuchajisha simu, karatasi kubwa, na mafuta ya jenereta ya siku moja. Shule isiyo na simu hata moja inaweza kuanza na masanduku ya karatasi, na kuonyesha michoro hiyo mmoja baada ya mwingine huku watoto wakisema maneno. Sehemu kubwa ya faida imo humo tayari.

Basi, wazazi wapendwa, mtoto akirudi nyumbani na kusema “leo tumepiga video shuleni”, msimpige na msimsifu upesi. Mwulizeni mambo matatu: Mlitafuta kujua nini? Uliyempiga picha, ulimwomba ruhusa? Na hayo unayoyasema, umejuaje? Akijibu yote matatu vizuri, mwacheni aendelee. Pesa ya shule haikupotea. Akishindwa kujibu, mrudisheni kwa mwalimu wake, naye mwalimu atawashukuru.